Pikipiki ya Reli Moja

Bega la kushoto la Loren Kinakin lilikuwa limekwisha. Daktari wa mjini Nelson alimwonyesha picha, akamweleza kuwa msuli umechanika, na kwamba hata akipasuliwa, kwa umri wake, nguvu za zamani asizitarajie. Loren akauliza swali moja tu.

"Na pikipiki ya theluji, naweza kuendesha?"

"Tambarare, polepole, hakuna neno," daktari akasema.

Loren akamshukuru, akashuka ngazi akitukana kimoyomoyo. Katika bonde la Slocan hakuna mtu anayenunua pikipiki ya theluji ya milimani ili akaiendeshe tambarare. Raha yake iko ubavuni mwa mlima, pale dereva anapokata mteremko kwa upande, mkono wa kulia kuna miti na mkono wa kushoto kuna mlima. Pale lazima mtu ailaze mashine kuelekea mlimani, isimame juu ya ukingo mmoja wa mkanda wake wa mpira, unaozunguka chini badala ya magurudumu, na ukingo huo ukate theluji kama kisu. Usipoilaza, inateleza kwenda chini mitini, na wewe pamoja nayo. Na kuilaza kunataka bega.

Ya kwake ilikuwa ngumu zaidi. Chini ya tumbo, ndani ya ule mkanda mpana wa mpira, ilikuwa na reli mbili zilizokaa sambamba, mbalimbali, kama miguu ya mtu aliyejipanga asisukumwe. Mashine ya namna hiyo inapenda kukaa wima. Lakini sasa kulikuwa na muundo mwingine, wa reli moja tu katikati. Kwa reli moja, kingo za mkanda hujikunja zenyewe, na mashine hulala kama baiskeli inavyolala kwenye kona. Loren alikuwa ameiona kwa watu, akaidharau, akaiita pikipiki ya wavivu. Siku aliyotoka kwa daktari alikaa garini mbele ya hospitali, akapiga simu dukani, akaagiza seti nzima.

Zamani walikuwa wakipanda wanne. Fred Zaitsoff, aliyeimba kwa Kirusi ndani ya helmeti mpaka wenzake wakamsikia juu ya mngurumo wa injini, alikuwa makaburini sasa. Walter Hlookoff alihamia Alberta kwa mwanawe, na magoti yake yote mawili yalikuwa ya chuma. Wa nne alikuwa Polly, mke wa Loren. Polly aliacha kupanda miaka mingi kabla ya hao wengine. Alisema amechoka, na mashine yake ikauzwa. Kisha binti yao Tania akaachwa na mume wake huko Kelowna, ana mtoto mkubwa kidogo na mwingine mchanga, na Polly akaenda kumsaidia. "Mpaka apate nafuu tu," alisema. Nafuu haikufika. Mara alirudi kuchukua koti, mara cherehani, mara sufuria kubwa ya supu. Hawakugombana hata siku moja. Nyumba ilipungua tu kidogo kidogo, mpaka siku moja Loren alifungua kabati la chumbani akakuta nguo zake mwenyewe zimesukumwa pembeni, na nafasi yote iliyobaki haina kitu.

Maboksi yalifikia kwenye sheli ya Balraj Sidhu, kwa kuwa mizigo yote ya kijiji cha Harlow hushushwa hapo. Balraj alikuwa mtu wa Surrey, amekuja bondeni na mkewe miaka michache nyuma, na kwa kuwa alikuwa nyuma ya kaunta kuanzia asubuhi mpaka jioni, alijua habari za kila mtu.

"Mzee Loren, umeagiza jeneza?" aliuliza, akiliburuta lile boksi refu. "Maana urefu ni huu huu."

"Reli za pikipiki. Nabadilisha za nyuma."

"Wewe mwenyewe? Na bega hilo?"

"Bega hili ndilo limenifanya ninunue."

"Ukikwama uniite. Mimi sijui chochote cha theluji zaidi ya kuifagia mlangoni, lakini nikiambiwa shika, nashika."

"Sitakwama," Loren akasema.

Akaanza kazi asubuhi ya pili, baada ya kuwasha jiko la kuni la gereji. Aliifunga pikipiki kwa mikanda ya mizigo, akauninginiza mkia wake kwenye boriti ya paa. Bolti nne tu ndizo zilizozishika reli za zamani kwenye bodi, mbili kila ubavu, lakini chumvi ya barabarani ilikuwa imezila. Akazichoma kwa tochi ya gesi, akazipulizia mafuta, akazibembeleza, akazitukana. Mbili zilitoka kwa hiari. Nyingine ilitoka jioni. Ya mwisho ilikatika kichwa, akalala chali siku nzima iliyofuata akiitoboa kwa keekee, chembe za chuma zikimwangukia ndevuni.

Kisha zikaja springi za nyuma, nene kama kidole gumba, ambazo mtu akiziachia vibaya zinaweza kumvunja mkono. Akazilegeza kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Alipozivuta zile reli mbili kutoka ndani ya mkanda, zilianguka sakafuni kwa kishindo, akashtuka kuona jinsi zilivyokuwa nzito, na jinsi plastiki za chini zilivyolika. Mkanda wa zamani nao haukufaa kwa reli moja. Ilibidi amwage mafuta ya mnyororo, afungue mnyororo wenyewe, atoe shafti inayouzungusha mkanda, aupachike mkanda mpya, na arudishe kila kitu kilipokuwa.

Kazi hiyo aliipenda. Vidole vyake vilijua njia. Kilichomsumbua ni ukimya. Fred angekuwa pale, angekaa juu ya ndoo akitoa ushauri mbaya. Siku ya nne, Loren alipokuwa akitafuta spana iliyopotelea chini ya benchi, alisema kwa sauti, "Uko wapi, mshenzi wewe?" Sauti yake ikatoka na mikwaruzo, akalazimika kukohoa. Akasimama akifikiri ni lini mara ya mwisho aliposema neno. Ilikuwa sheli, kwa Balraj.

Kuipachika reli mpya ndiko kulikomshinda. Lazima iingizwe ndani ya mkanda ikiwa imekunjwa, kisha mikono yake miwili ya chuma, wa mbele na wa nyuma, ilingane na matundu ya bodi, kulia na kushoto, wakati shokapu zinasukuma kila kitu kisilingane. Alijaribu kwa jeki. Alijaribu kwa mikanda. Alijaribu kwa goti na kipande cha ubao. Kila alipopata tundu la kulia, la kushoto lilikimbia. Bega likawaka moto mpaka machozi yakamtoka, akaketi sakafuni ameegemea tairi la gari. Halafu akampigia simu Balraj.

Balraj akaja baada ya kufunga sheli, kilemba chake kimefunikwa na kofia ya sufu, na mkononi ana mfuko wa sambusa kutoka kwa mkewe.

"Nishike wapi?"

"Hapa. Sukuma juu, kisha uelekeze kwangu."

"Nasukuma."

"Kwangu, nimesema! Huko ni kwako."

"Kwako ni wapi, mzee, na wewe umelala chini ya mashine? Nakuona miguu tu!"

Loren akacheka, na kucheka kwenyewe kukamuuma bega. Walihangaika, Balraj akihema na kuapa kwa Kipunjabi, mpaka bolti ya mbele ikaingia, na ya pili, na ya tatu. Ya nne, ya nyuma kushoto, iliingia kwa mkono, ikashika uzi. Loren alikuwa anaipaka gundi nati na kunyoosha mkono kuchukua spana ya kipimo ya kuikazia, simu ikalia. Polly.

Akatoka nje kuipokea, kwenye baridi, asisikike.

"Unafanya nini?" Polly akauliza. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.

"Naangalia hoki."

"Mbona unahema?"

"Nimetoka kuleta kuni."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sambusa," Loren akasema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Waliongea kidogo habari za meno ya mtoto na za Tania kupata zamu za usiku. Kisha Polly akaitwa, simu ikakatika katikati ya sentensi. Loren alibaki amesimama kwenye theluji, simu mkononi. Aliporudi ndani, Balraj alikuwa amekwisha kunawa mikono, anazunguka pikipiki kama mnunuzi.

"Basi imekwisha?"

"Imekwisha," Loren akasema. Wakala sambusa wamesimama. Balraj akaenda zake. Loren akaishusha pikipiki kutoka kwenye boriti, akazima taa.

Jumamosi akapanda mlima peke yake. Alijua si vizuri. Mtu hapandi peke yake kwenye theluji nyingi, kila mtu bondeni anajua hilo, na yeye ndiye aliyekuwa akiwahubiria wengine. Lakini nani wa kumwita? Akabeba koleo, mfuko wake wa hewa wa kumwokoa kwenye maporomoko ya theluji, na kile kifaa cha setilaiti ambacho Polly alimlazimisha anunue.

Kwenye mteremko wa kwanza alijitayarisha kwa maumivu. Akauvuta usukani kidogo tu, akaegemea kwa nyonga, na pikipiki ikalala. Ililala kwa urahisi hata akaogopa, akadhani inampindukia. Akairudisha wima. Akailaza tena. Ikakata ubavu wa mlima kwa mstari mmoja laini, theluji ikimrukia kifuani, na bega lake halikusema neno. Akapiga kelele ndani ya helmeti. Akageuza, akarudi kwa upande wa pili, akapiga kelele tena. Alipofika kwenye kile kipande tambarare cha mlima walichokiita Jiko la Fred, kwa sababu Fred alikuwa akiwachomea viazi pale, alizima injini na kugeuka nyuma kuwatazama wenzake wanavyokuja.

Ilikuwa tabia ya mwili tu, ya miaka mingi. Nyuma palikuwa na alama ya mkanda wake, na miti. Akavua helmeti. Alikula mkate wake na jibini akiwa juu ya kiti, akitazama bonde, na ile furaha haikuwa na pa kwenda.

Ndipo alipowasha aendelee juu. Hakwenda mbali. Alisikia mlio wa chuma chini ya kiti, pikipiki ikachuchumaa kwa kushoto, mkanda ukakwama, naye akarushwa kwenye usukani. Alipochimba theluji kwa mikono na kuchungulia, hakuhitaji kutafuta sana. Bolti ya nyuma kushoto haikuwapo. Mkono wa chuma ulikuwa umechomoka na kujichomeka ndani ya mkanda.

"Sikuikaza," akasema. "Mungu wangu, sikuikaza."

Bolti ilikuwa imekwisha kumezwa na theluji mahali fulani nyuma. Na hata angekuwa nayo, angeinyanyua vipi mashine peke yake kwa mkono mmoja? Akajaribu kutembea, akazama mpaka kiunoni, akarudi. Jua lilikuwa bado juu lakini upande ule wa mlima kivuli huingia mapema. Akatoa kifaa cha setilaiti. Ndani yake kulikuwa na jina moja tu la kutumiwa ujumbe, la Polly. Akaandika: Pikipiki imeharibika. Mimi mzima. Niko Jiko la Fred.

Jibu lilichelewa. Lilipofika, lilisema: Kaa hapo hapo. Usitembee. Nampigia Balraj.

Kisha jingine: Kumbe ndiyo hoki yenyewe.

Alichimba shimo la kujikinga na upepo, akakaa ndani yake, akitingisha vidole vya miguu. Alifikiri juu ya Polly aliye huko mbali, ng'ambo ya milima, mtoto begani na simu sikioni, akihangaika kwa ajili ya mtu aliyemdanganya. Aibu ilimpata kuliko baridi.

Waliokuja walikuwa vijana wawili wa chama cha wapanda theluji, ambao Balraj aliwakuta wakijaza mafuta: Tanner, mrefu mwenye ndevu chache, na Keeley, msichana mwenye helmeti ya rangi ya chungwa. Loren hakuwahi kuwaona. Walifika kwa kishindo, wakazima, wakamkagua vidole kwanza, wakampa chai kutoka kwenye chupa.

"Pole, mzee. Umekaa sana?"

"Kidogo. Mmejuaje Jiko la Fred ni hapa?"

"Jiko la nani?" Tanner akauliza. "Sisi tumepewa namba za ramani. Hapa tunaita Kituo cha Pili."

"Fred Zaitsoff ndiye aliyeikata njia hii. Yeye na Walter Hlookoff. Kwa misumeno ya mkono."

Vijana wakatazamana, kwa adabu. "Hatuwajui," Keeley akasema. "Lakini njia ni nzuri sana."

Walikuwa wepesi na wakarimu. Tanner aliinyanyua mashine kwa mgongo, Keeley akauchomoa mkono wa chuma, akachagua bolti kwenye kopo la vipuri akatia na kukaza kwa nguvu zote. Waliisifu ile reli moja, wakamuuliza ameibadilisha wapi, na aliposema ni yeye mwenyewe, Tanner akapiga mluzi. Kisha wakashuka naye, mmoja mbele na mmoja nyuma, taratibu, kama watu wanaomsindikiza mtoto akivuka barabara. Kwenye maegesho walimpa mkono, wakageuza, wakarudi juu kabla mwanga haujaisha.

Polly alifika kesho yake mchana. Aliingia bila kubisha, akasimama jikoni na buti zake za theluji, akatazama sinki. Bakuli moja, kijiko kimoja.

"Baba Tania," akasema, "ungekufa ningeambiwa na nani? Na mwenye sheli?"

"Nisamehe."

"Ungeniambia unatengeneza pikipiki ningekukataza?"

"Ungeniambia nije Kelowna."

"Ningekuambia, ndiyo. Nakuambia kila siku, na husikii. Lakini uwongo wa nini?"

Polly akavua koti, akapasha moto borshti, supu ya Kirusi aliyokuja nayo ndani ya chupa kubwa, wakala bila maneno mengi, kabichi na siagi na bizari, na Loren alikula mpaka akaona haya. Baadaye Polly akafuta mikono, akasema, "Haya, nionyeshe huyo mchawi wako."

Gerejini alipiga magoti akachungulia chini kama fundi. "Reli ziko wapi?"

"Ni moja tu. Iko katikati. Ndiyo maana inalala kirahisi. Haitaki nguvu."

Polly akapanda kiti. Akaushika usukani kwa mkono mmoja, akaegemea, na mashine yote ikamfuata upande. Akaisimamisha. Akailaza upande wa pili. Uso wake ulibadilika, na Loren akadhani amefurahi.

"Hii ungenifanyia miaka kumi na tano iliyopita," Polly akasema.

"Hazikuwepo wakati huo."

"Najua hazikuwepo." Akaiacha mashine wima. "Unajua kwa nini niliacha?"

"Ulisema umechoka."

"Nilisema siwezi kuilaza. Nilisema inaniteleza kuelekea mitini kila mara, na naogopa. Ukaniambia nifanye mazoezi ya mikono. Fred akacheka, nawe ukacheka. Ndipo nikasema nimechoka."

Loren akatafuta kumbukumbu ya siku hiyo, asiipate. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: siku iliyompokonya mwenzake njiani, kwake ilikuwa siku kama nyingine. Akazikagua bolti zote nne kwa spana ya kipimo, moja baada ya nyingine, mbele ya Polly. Akafungua mlango wa gereji.

"Zunguka shambani," akasema. "Theluji ni laini leo."

Alidhani atakataa. Polly akavaa helmeti ya Loren, iliyomzidi, akaondoka. Kwanza alikwenda wima, kwa woga, kando ya ua. Kisha akailaza kidogo. Kisha zaidi. Akaanza kuchora duara, kushoto, kulia, kushoto, akapenya kati ya miti ya tufaha, akapanda kile kilima cha nyuma ya ghala na kukikata kwa upande, mstari mmoja safi. Loren alisimama mlangoni, mikono mifukoni. Alimsikia akipiga kelele mle ndani ya helmeti. Akataka kukimbia kumfuata kwa miguu.

Aliporudi mashavu yalikuwa mekundu na kope zina barafu.

"Kaa," Loren akasema kabla hajashuka. "Kaa mpaka theluji iishe. Nitatafuta mashine nyingine, nayo nitaiwekea reli moja. Tutapanda wawili."

Polly akazima injini. "Tania ana zamu za usiku. Nani atalala na watoto?"

"Basi mpaka Jumapili ijayo."

"Loren." Hakumwita hivyo mara nyingi. "Njoo wewe. Kitanda kipo."

Loren akatazama mlima. Polly akamwona anavyoutazama, akashuka, akamrudishia helmeti. Hakuna aliyenuna. Usiku walilala pamoja, Polly upande wake wa zamani, na asubuhi Loren akampikia uji, akakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Polly akamshika shavu, akapanda, akaondoka.

Jioni Loren alipiga simu kuuliza kama amefika. Alikuwa amefika, barabara ilikuwa na utelezi kwenye mwinuko. Simu ikachukuliwa na Mila, mjukuu mkubwa.

"Babu, unakuja lini?"

"Theluji ikiisha."

"Inaisha lini?"

"Huku juu, mwezi wa tano."

Mtoto akaihesabu miezi kwa sauti. "Huko ni mbali," akasema.

"Ndiyo," Loren akasema. "Ni mbali."